Nilisoma "island" vibaya klasi nzima ikanicheka, tangu hapo mdomo haufunguki

binti_kisauni

Asalam aleikum wote, na wengine hamjambo. Mimi ni msichana wa miaka 16, niko kidato cha tatu, twakaa Kisauni na shule yangu iko kisiwani Mombasa kwa hivyo kila siku navuka daraja la Nyali asubuhi na jioni. Nataka kuuliza kitu na naomba msinicheke kwa sababu kuchekwa ndiko kulikonileta hapa.

Mwezi uliopita kipindi cha Kingereza ticha alitupa ufahamu tukawa twasoma kwa zamu, kila mtu aya moja. Mimi siku zote huhesabu watu walio mbele yangu niijue aya yangu mapema, niisome kimoyomoyo mara mbili tatu kabla zamu haijafika. Sasa siku hiyo kulikuwa na msichana amekauka sauti kwa mafua, ticha akamruka, aya zikasogea, ikaniangukia aya ambayo sikuitayarisha. Nikaweka kidole kwenye mstari nikaanza. Neno la tatu lilikuwa island. Nikalisoma vile lilivyoandikwa, na s yake, "izlandi". Pakawa kimya kidogo hivi halafu klasi yote ikapasuka. Nikadhani sijasikika vizuri nikarudia vile vile, wakacheka zaidi, kuna mmoja akawa apiga dawati. Kidole changu kilibaki pale pale kwenye mstari mpaka jasho likaweka doa kwenye karatasi, nalikumbuka lile doa kuliko hata hiyo aya.

Sasa jina langu shuleni ni Izlandi. Hata wa vidato vya chini waniita hivyo. Tangu siku hiyo sinyanyui mkono, si Hesabu, si hata Kiswahili ambacho ndio lugha yetu ya nyumbani na nilikuwa napata A. Nikiulizwa nasema sijui na huku jibu ninalo. Asubuhi matatu ikianza kupanda daraja tumbo lanikata, nishamwambia mama mara tatu kuwa naumwa. Je hii itapita yenyewe? Na Kingereza ntakijuaje kama siwezi kukisema?

kaza_moyo

Pole dadangu. Mimi takwambia vile naona, Mombasa hii kutaniana ndio maisha, mtu akiteleza pale feri atachekwa kwanza ndio ashikwe mkono. Mimi shule niliitwa majina mpaka nikasahau langu. Jifanye husikii. Wakiona hukasiriki watachoka wenyewe watafute mwengine. Ukilia ndio umewapa chakula. Kaza roho, maliza shule, hao wote baada ya miaka miwili hutawaona.

mama_wa_watatu

Kaka yangu nakuheshimu na najua wasema kwa nia nzuri, lakini utani ni wa watu wawili waliopatana, mimi nikutanie na wewe unitanie. Klasi nzima kumfanyia mtoto mmoja hiyo si utani. Na huyo "mwengine" watakaemtafuta pia ni mtoto wa mtu.

Mamangu, soma tena ulivyoandika. Umeacha kujibu hata Kiswahili. Basi si Kingereza tena hicho, ni kitu kimekukaa kifuani. Mimi nina wangu wa umri wako na ningependa sana kujua kama angekuwa avuka daraja kila siku na tumbo la hivyo, kwa hivyo ile ya kumwambia mama waumwa, mwambie waumwa wapi haswa. Halafu nikuulize, walipocheka huyo ticha alifanya nini?

binti_kisauni

Nilijua kuna mtu ataniuliza hilo. Ticha alicheka. Hakucheka kwa sauti, alitabasamu halafu akageukia ubao lakini niliona mabega yakimtingishika. Halafu akasema anayefuata. Sikumaliza hata aya yangu. Ni ticha nimpendae sana ndio maana sijamwambia mtu, sitaki aonekane mbaya. Lakini wale wengine wote ningewasahau wallahi, hayo mabega ndio siwezi.

mwalimu_mstaafu

Binti yangu, nimefundisha Kingereza miaka 31, Likoni kwanza halafu huku kisiwani, na nimeisoma hiyo ya mabega mara nne leo. Mimi pia nimeshacheka. Nakumbuka mvulana mmoja, alisoma neno knife na k yake, nikacheka pamoja na klasi maana kilinitoka ghafla tu, na kwa mwaka mzima uliobaki hakusoma tena kwa sauti na mimi nikaandika kwenye ripoti yake kwamba hashiriki darasani. Nilikuja kuunganisha hayo mambo mawili miaka mingi baadae nikiwa nimeketi nyumbani, na kumpata siwezi tena. Kwa hivyo naomba radhi kwako badala yake, na kwa niaba ya mwenzangu ambae naamini hajui alichokifanya. Mwambie. Kama huwezi kwa mdomo mwandikie kwenye karatasi mistari mitatu uiweke ndani ya daftari anapokusanya kazi. Mwalimu mzuri ataumia, na aumie, ni haki yake kujua.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe maana hapa nataka unisikilize vizuri. Ile s kwenye island haina haki ya kuwepo pale. Waingereza wa zamani walikuwa na neno lao wenyewe la kisiwa na halikuwa na s kabisa, si kwenye kuandika si kwenye kusema. Kulikuwa na neno jengine, isle, lililotoka Kifaransa na asili yake ni Kilatini, insula, hilo ndilo lenye s. Kama miaka 500 hivi iliyopita watu wakaanza kudhani haya maneno mawili ni ndugu, wakaichukua s ya kule wakaichomeka huku. Yani walikosea wao, wakaliandika kosa lao, likaingia kwenye kamusi, na leo wewe umechekwa kwa kulisoma kama walivyoliandika. Debt ni hivyo hivyo, waliitoa kwa Wafaransa bila b, baadae mtu akakumbuka Kilatini kina b akairudisha, ulimi haukumfuata. Ya knife ni tofauti, ile k kweli ilikuwa ikitamkwa zamani, kisha midomo ikaiacha na kalamu ikabaki nayo. Kiswahili kimekuzoesha kwamba kilichoandikwa ndicho kisemwacho. Ulifanya kile msomaji mzuri wa Kiswahili hufanya.

Na kuna kitu chengine watoto wa pwani hamkijui kuhusu midomo yenu. Mwanafunzi wa Kingereza kutoka nchi nyingi sana duniani hutoka jasho kwa zile sauti mbili za th, ya think na ya this, wengi huishia kusema sink na zis au tink na dis. Wewe unazo zote mbili tangu utotoni. Sema thamani, halafu sema think. Sema dhahabu, halafu sema this. Hapo hakuna wa kukufundisha kitu.

La mazoezi nitasema moja tu: acha kuhesabu aya. Najua kwa nini wafanya hivyo, lakini ndiko kulikokuangusha. Ufahamu wowote mtakaopewa usome wote nyumbani kwa sauti, polepole, na neno usilolijua matamshi lisikilize kwenye kamusi ya simu. Na matamshi yenyewe yana alama zake kwenye KCSE, ule mtihani wa mwisho wa sekondari, karatasi ya kwanza ya Kingereza huwa na sehemu ya stadi za kuzungumza na herufi zisizotamkwa huulizwa. Hilo moja ushalijua.

kaza_moyo

Mwalimu shikamoo. Nimesoma yote. Dada nisamehe niliandika haraka, hiyo ya ticha sikuwa naijua na hata ningekuwa naijua pengine ningesema vile vile kwa sababu hivyo ndivyo mimi niliambiwa.

shangazi_nesi

Nafanya kazi zahanati moja huku Bamburi na twaona vijana wengi wa tumbo la asubuhi ambalo Jumamosi halipo. Tumbo hilo ni la kweli, usikubali mtu akwambie wajifanya. Mtu akiogopa mwili humwaga adrenalini, moyo waenda mbio, mate yakauka, damu yakimbilia misuli ya miguu na mikono na tumbo laachiwa kidogo, ndio hilo linalokukata. Mwili wajitayarisha kukimbia ama kupigana na wakati huo kichwa hakina nafasi ya kutafuta neno latamkwaje, hata neno ulijualo latoroka. Sasa ukienda kwenye daraja kila siku ukiwa na picha ya ile siku, mwili waanza kazi yake hata kabla hujafika shule.

Fanya hivi matatu ikianza kupanda: vuta pumzi ukihesabu mpaka nne, itoe polepole ukihesabu mpaka sita au saba, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Rudia mpaka mshuke ng'ambo. Haiondoi aibu lakini moyo hutulia, na moyo ukitulia tumbo hufuata. Kwa wengine yachukua siku kadhaa kuzoea, usiache siku ya kwanza.

Lakini mwanangu, ukiona hulali, ama huli, ama wiki zaenda na hutaki kuona watu, ama wafikiria heri usingekuwepo, hapo usingoje ipite. Mwambie mama siku hiyo hiyo. Na kama nyumbani ni kugumu kusema kuna nambari 116, ni ya Childline Kenya, kupiga ni bure na hata mtoto mwenyewe apiga. Na hii nawaandikia wengine pia wanaosoma kimya kimya bila kuchangia.

mtembeza_wageni

Mimi natembeza wageni Mji wa Kale na Fort Jesus, hii kazi nailia miaka kumi na kitu sasa. Shule niliacha darasa la nane. Wakati wetu, nazungumzia miaka ya 90 na viboko bado viliruhusiwa maana vilipigwa marufuku 2001, kulikuwa na diski, kibao cha mti chenye kamba, ukisikika wasema Kiswahili wavikwa shingoni na wewe watafuta mwenzio wa kumvisha, na jioni alie nayo apigwa. Mimi nililala nayo nyumbani, nimeificha chini ya godoro baba asiione. Nikatoka shule Kingereza nakiogopa kama mbwa.

Kilichonifungua mdomo ni mzee mmoja mgeni, tulikuwa juu pale kwenye ukuta wa Fort Jesus ulioangalia bahari nikamwambia Wareno walianza kuijenga 1953. Nilitaka kusema 1593, tarakimu zikanigeuka mdomoni. Akaniangalia akasema kwa upole kabisa, wamaanisha 1593, sivyo? nikasema naam, akasema endelea, na mimi nikaendelea. Basi. Hakuna kilichoanguka. Nilikuwa na miaka 22 na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kukosea Kingereza mbele ya mtu na asinifanye kitu, nilirudi nyumbani jioni ile nikiwa mwepesi sijui niseme vipi.

Kwa hivyo dadangu tafuta mtu mmoja wa hivyo. Mmoja tu, si klasi. Mimi nilipotaka kusonga mbele nikawa namsomea nyanya yangu. Hajui neno la Kingereza hata moja, yuaketi barazani asuka ukili na mimi nasoma gazeti kwa sauti, nikimaliza kipande ananiambia haya nieleze wasema nini hao, namweleza kwa Kiswahili. Nikishindwa kumweleza najua sijakifahamu. Hakunirekebisha hata siku moja kwani hawezi, lakini mdomo ulizoea kufunguka.

mama_wa_watatu

Hiyo ya diski umenikumbusha mbali, mimi pia niliivaa. Na sasa katiba ya 2010 yasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi pamoja na Kingereza, sisi tulipigwa kwa ajili yake.

binti_kisauni

Nimechelewa kurudi, mtihani wa katikati ya muhula ulitubana. Nimesoma kila jibu na mengine nimeyasoma zaidi ya mara moja.

Nilimwambia mama. Nilidhani atakasirika kwa zile siku tatu, hakusema kitu, alizima jiko akaja akaketi karibu yangu na chai yake ikapoa. Aliniuliza kama nataka aende shule nikamwambia bado, acha nijaribu ile ya karatasi. Nikaiandika, mistari mitano si mitatu, nikaiweka kwenye daftari. Ticha alinirudishia daftari siku mbili baadae na hiyo karatasi haimo, na chini ya insha yangu ameandika kwa penseli kwamba nimuone. Nilipoenda hakuongea sana. Alisema hakujua kuwa nilimuona na akasema nisamehe. Macho yake yalikuwa yamebadilika, mimi nikaanza kulia yeye akanipa leso yake na mpaka leo ninayo sijairudisha. Lile jina bado waniita, si wote.

Nyumbani namsomea nyanya baada ya isha. Juzi tulifika kwenye island tena, kitabu chengine kabisa, nikasimama. Nyanya akauliza mbona umenyamaza nikamwambia neno hili ndilo lililonifanyia yale, akasema ndio nini hilo, nikamwambia ni kisiwa nyanya, ndio hapo Mvita. Akasema kumbe ni hapo tu. Akaendelea na ukili wake.

Kesho ni zamu ya safu yetu kusoma. Ufahamu wote nimeusoma kwa sauti mara mbili na sijahesabu ni nani atakaa mbele yangu. Bado naogopa, tumbo limeanza hata sasa nikiandika hapa na kesho haijafika.

mwalimu_mstaafu

Vuta nne, toa saba. Sisi tuko hapa kesho jioni, uje utwambie vyovyote itakavyokuwa.