Nani amebadilisha majina ya klipu? Hii maktaba imenifika hapa

Wadau, nina hasira na sifichi. Tuko wahariri watatu kwenye kazi moja: mimi niko mtaa wa Umoja Nairobi, mwenzangu Mombasa, wa tatu Kisumu, na sote tunachota video ghafi kwenye folda moja ya mtandaoni. Jana usiku nafungua mradi kwenye Resolve, programu yetu ya kuhariri video, nakuta wekundu mtupu. Klipu mia tatu na kitu hazipatikani. Mtu wa prodakshani kaona majina hayapendezi, akayabadilisha yote, na sisi tuko wiki ya pili ya kukata!

Programu haitambui sura ya mtu, inafuata jina la faili na folda ilimokaa. Nimekesha hadi saa kumi na moja alfajiri nikiunganisha upya.

Hilo basi, limerekebishika. Linaloniuma ni video za soko la Gikomba. Tulipiga kwa kamera mbili za Sony, kila moja ikahesabu kuanzia C0001. Aliyepokea kadi za kumbukumbu za kamera akazimwaga zote kwenye folda moja ya kompyuta yake kabla ya kupakia, akaulizwa kama faili iliyopo ibadilishwe, akabonyeza ndiyo. Yule mama fundi, anapitisha uzi kwenye sindano huku akimtaja marehemu mumewe, sauti ikimkatika: amefunikwa na C0014 ya kamera ya pili, sekunde tisa za mkokoteni ukipita. Kadi zikafutwa jioni hiyohiyo. Nakala ya pili haipo.

Na tulikubaliana! Kila kadi folda yake: tarehe, mahali, kamera A au B, namba ya kadi. Kadi haifutwi mpaka nakala mbili zifunguliwe na kutazamwa.

Proksi nazo, zile nakala nyepesi za kukatia, mnaziruka. Saa moja ya 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde ni GB 45. Kwa laini inayopandisha megabiti 10 ni saa kumi nzima, stima isipopotea. Proksi ya megabiti 10 inapanda kwa saa moja, na Mombasa anaanza kukata. Ila jina lake lifanane na la faili mama, jamani, si "mpya_mwisho2".

Nimefunga ruhusa leo. Kutazama na kupakua, wote. Kuongeza, kuhamisha au kufuta ni mimi na wa Mombasa tu. Atakayenuna anune.