Kipimo cha bia kimeganda 1.029, nitie kimeng'enya au nijaze chupa?

Kimea_Mbichi:
Wakuu habari zenu. Nina ndoo ya lita 20 ya eli (aina ya bia) imenigomea. Kipimo cha mwanzo cha uzito (maji matupu ni 1.000, sukari inaongeza) kilikuwa 1.056. Povu zito lilipanda kabla siku ya kwanza haijaisha, siku ya tatu likaanza kushuka. Sasa wiki imepita, kipimo kimeganda 1.029 na hakisogei. Hamira ni kavu ya eli, pakiti moja ya gramu 11.5. Chumba kina nyuzi 20 hadi 22. Nilitegemea ifike 1.013 hivi. Ladha yenyewe haina shida, imekauka vizuri na utamu umeisha, ila namba ndiyo hiyo. Chupa zote nimeshaosha. Swali ni moja tu: nitie kimeng'enya cha kuvunja sukari zilizobaki, au nijaze chupa nikiwa nimepunguza sukari ya gesi (ile ya kuipa bia gesi chupani)? Naomba majibu mapema, nataka kuamua usiku huu.

Shayiri:
Usijaze chupa. Nasema hivyo kabla ya jambo lingine lolote. Kila nukta moja ya kipimo (0.001) ikichachia ndani ya chupa inazalisha takribani nusu ujazo wa gesi (ujazo 1 ni lita moja ya gesi kwa lita moja ya bia). Ukiziba kwenye 1.029 na hamira ikazinduka ikashusha mpaka 1.014, hizo nukta 15 ni zaidi ya ujazo 7, juu ya ule wa 0.8 uliomo tayari kwenye bia. Chupa ya kawaida ya bia haitakiwi kuvuka ujazo 3 au 3.5. Kupunguza sukari hakusaidii kitu, kwa sababu hatari iko kwenye sukari ambayo hukuiweka wewe. Vioo vya chupa iliyopasuka vinaruka mbali na vinatoboa macho.

Kipimajoto:
Uliloweka kimea kwenye nyuzi ngapi, na kwa muda gani? Stori nyingi za "imekwama" zinaanzia hapo, hamira inasingiziwa tu. Kwenye 64 hadi 66 unapata sukari nyingi ambayo hamira inaila. Ukipanda 70 na zaidi, kimeng'enya kinachotengeneza maltosi kinakufa haraka, na zinabaki dekstrini, minyororo mirefu ya sukari, ambazo hamira ya kawaida ya bia haiziwezi. Bia ya namna hiyo haijakwama, imemaliza chakula chake. Pia kipime hicho kipimajoto chako: kwenye maji yenye barafu inayoyeyuka kisome 0. Kikidanganya kwa nyuzi 3 tu, ulichokiona 68 kilikuwa 71.

Kimea_Mbichi:
Nyuzi 67 kwa saa nzima, na kipimajoto nimekihakiki kwa barafu. Kwa hiyo si hilo. Nimesoma kwamba kimeng'enya kinafanya kazi hata baridi, ndiyo maana nikakinunua. Na kizibo cha hewa (kinachotoa gesi bila kuingiza hewa) bado kinatoa povu moja moja mchana, kwa hiyo hamira haijafa.

Mama Hopsi:
Mwanangu, haraka ya nini? Bia haijui kwamba chupa zako zimeshaoshwa. Funika ndoo, ongeza joto kidogo lifike 22, ikae siku tano bila kuguswa. Wengi wanaharibu bia nzuri kwa kuifungua kila jioni kuichungulia. Kila ukifunua unaingiza hewa na vijidudu, na mwisho unapata bia yenye harufu ya karatasi iliyolowa.

Mzinga:
Kwenye mvinyo wa asali tatizo hili ni la kila wakati, kwa sababu asali ina naitrojeni kidogo mno. Dawa yake ni chakula cha hamira kwa mafungu: baada ya saa 24, 48 na 72, na fungu la mwisho kabla theluthi moja ya sukari haijaliwa. Kabla ya kutia unakoroga taratibu gesi itoke, la sivyo povu linaruka mpaka dari. Mleta uzi, uliweka chakula cha hamira?

Kipimajoto:
Mzinga, woti (maji matamu ya kimea kabla ya kuchachuka) ya kimea kitupu ina naitrojeni ya kutosha, kwa hiyo kwenye bia hilo huwa la mwisho kufikiria. Na hizo povu za mchana si ushahidi. Chumba kikipata joto, gesi iliyoyeyuka inatoka na kizibo kinacheza hata kama uchachushaji uliisha zamani. Kinyume chake pia ni kweli: mfuniko ukivuja, kizibo kinanyamaza huku hamira inachapa kazi. Tusipime bia kwa kizibo.

Kinachonisumbua ni kitu kingine. Kutoka 1.056 hadi 1.029 ni asilimia 48 tu ya sukari. Hamira kavu ya eli kwa kawaida inafika 75 na zaidi. Kimea cha nyuzi 67 hakiwezi kusimama nusu ya njia. Kuna kitu hujatuambia. Ndoo iliwahi kupoa usiku? Uliihamisha?

Kimea_Mbichi:
Niliihamishia ndoo ya pili siku ya nane. Lakini niliifanya kwa makusudi: niitoe juu ya mashapo, na hamira ipate hewa mpya iamke. Sioni ubaya wake, na usafi nilizingatia.

Shayiri:
Ubaya ni mkubwa. Hamira nyingi ilikuwa kwenye hayo mashapo uliyoyaacha. Kama kweli ilikuwa imekwama, umewaondoa wafanyakazi wakati kazi haijaisha. Na hewa inatakiwa mwanzoni tu, kabla ya kutia hamira, ijenge utando wa seli zake. Pombe ikishakuwepo, oksijeni inazeesha bia na kufifisha harufu ya hopsi. Kuamsha hamira ni kuzungusha ndoo taratibu mpaka mashapo yapande, mfuniko ukiwa umefungwa.

Sasa fanya jaribio la kulazimisha. Chota mililita 250 kwenye chupa safi, tia gramu 2 au 3 za hamira kavu mpya, ziba kwa karatasi ya foili bila kukaza, weka kwenye nyuzi 25 hadi 27 na uitikise kila ukipita. Baada ya saa 48 pima. Ikishuka, sukari ipo na hamira ya kwenye ndoo ndiyo iliyochoka. Hapo unaandaa kianzio (hamira iliyoamshwa kwanza pembeni) cha lita moja ya woti, unasubiri kifike kilele cha povu ndipo unakimimina chote. Hamira kavu ukiinyunyiza moja kwa moja kwenye bia yenye pombe na isiyo na oksijeni, mara nyingi haifanyi kitu. Jaribio lisiposhuka, ujue sukari imeisha na hakuna cha kuokoa.

Jicho Kali:
Samahani wadau, mimi hii naiona chai. Mleta uzi anasema bia iko 1.029, halafu anasema imekauka na utamu umeisha. Haviendi pamoja. Kwenye 1.029 ulimi unakutana na utamu mzito wa kimea kabla hujameza. Pili, ameifungua, ameihamisha, amepima mara kibao, na namba haijacheza hata nukta moja. Hata haidromita (kipimo cha uzito kinachoelea kwenye bia) iliyoshikwa vibaya inacheza. Huu uzi umetungwa watu wajibizane, au kuna kifaa kinachodanganya.

Kama si chai, jibu matatu: unapima kwa kifaa gani, unachota kiasi gani, na kwenye maji matupu kinasoma ngapi?

Kimea_Mbichi:
Sijatunga chochote, na sina sababu ya kutunga. Natumia rifraktomita, kifaa cha kusoma sukari kwa mwanga. Matone mawili tu yanatosha, sipotezi bia. Mwanzo ilisoma Briksi (asilimia ya sukari) 13.8, sasa 7.4. Jedwali lililokuja nayo linasema 7.4 ni 1.029. Kwenye maji matupu inasoma sifuri kamili. Kwa hiyo kifaa ni kizima, tatizo liko kwenye bia.

Jicho Kali:
Neno chai nalifuta, niwie radhi. Jibu limepatikana.

Kifaa ni kizima, jedwali ndilo halihusiki. Rifraktomita haipimi uzito, inapima jinsi mwanga unavyopinda. Jedwali lako limetengenezwa kwa maji na sukari peke yake. Pombe inapinda mwanga kuliko maji, ingawa ni nyepesi kuliko maji. Kwa hiyo baada ya uchachushaji kifaa kinaona pombe na kuihesabu kama sukari. Kadiri pombe inavyoongezeka ndivyo uongo unavyokua, na bia iliyomaliza kabisa inaonekana imesimama katikati ya safari. Kabla ya kutia hamira namba yake ni sahihi, na ndiyo maana watu wanaiamini mpaka mwisho.

Kuna kanuni ya kusahihisha inayotumia Briksi ya mwanzo na ya sasa kwa pamoja. Ukiiingiza 13.8 na 7.4, inatoka karibu 1.014. Hiyo ni asilimia 75 ya sukari iliyoliwa, na pombe ya asilimia kama 5.5. Ulimi wako ulikuwa sahihi tangu mwanzo.

Ila usijaze chupa kwa kutegemea kanuni, nayo ni makadirio. Tafuta haidromita. Chota bia ya kujaza silinda, kama mililita 100, uimimine kutoka glasi moja hadi nyingine mpaka iache kutoa povu, kwa sababu vipovu vikishika haidromita vinainyanyua na kusoma juu. Izungushe kidogo, ikitulia soma usawa wa macho, chini ya mkunjo wa maji. Nyingi zimesawazishwa kwa nyuzi 20. Bia ikiwa na nyuzi 25, ongeza nukta moja. Sampuli usiirudishe kwenye ndoo.

Kimea_Mbichi:
Nimeelewa. Lakini kimeng'enya nimeshakifungua. Nikitia nusu tu, si itashuka kidogo hadi 1.010 na kuwa kavu zaidi?

Kipimajoto:
Hakuna nusu. Kimeng'enya hakiliwi wala hakichoki haraka. Kikiwa kidogo kinafanya kazi ileile kwa muda mrefu zaidi. Kitavunja dekstrini kuwa glukosi, hamira itaifuata, na utajikuta karibu na 1.000: bia nyembamba, kali, haina mwili. Kukizuia kunataka joto la kuua hamira pia, na hapo gesi ya chupani huipati. Ukijaza chupa kabla hakijamaliza, unarudi kwenye hesabu ya Shayiri ya chupa kupasuka. Kifunge vizuri, ukiweke pakavu na baridi.

Mama Hopsi:
Na jedwali hilo lichane, mwanangu, usije ukaliamini tena.

Kimea_Mbichi:
Nimepata haidromita. Kwenye maji ya nyuzi 20 inasoma 1.000. Bia ilisoma 1.014 kwenye nyuzi 25, kwa hiyo 1.015. Nimepima tena baada ya siku tatu, ni ileile. Je, hamira iliyobaki baada ya kuhamisha inatosha kuleta gesi?

Shayiri:
Inatosha. Hata bia inayoonekana angavu bado ina seli nyingi za hamira kwa kila mililita. Kwa lita 19 zilizobaki tumia gramu 114 za sukari nyeupe, yaani 6 kwa lita, upate gesi ya ujazo kama 2.4. Ichemshe dakika tano kwenye maji mililita 300, ipoe, itangulie kwenye ndoo ya kujazia, kisha shusha bia juu yake kwa mpira unaofika chini ili isirushe matone. Acha sentimita 2 au 3 za nafasi shingoni. Weka chupa kwenye nyuzi 20 hadi 22 ndani ya boksi lililofungwa, na baada ya wiki moja fungua moja uangalie gesi kabla ya kuzigusa nyingine.