Mrejesho: redio ya babu imeongea

Nawashukuru nyote. Kwa waliosahau: niliuliza namna ya kutengeneza mtambo mdogo wa kurusha AM, ili redio ya valvu ya babu hapa Langoni, Lamu, ipige taarabu kutoka kwenye simu yangu. Ulikuwa ukinguruma kama kinu cha kusaga, mwimbaji amezama humo ndani.

Mchawi alikuwa chaja ya simu niliyoitumia kuupa umeme. Nimeweka betri 3 za volti 1.5, kimya! Saketi yenyewe sikuigusa: osileta (kijidude kinachozalisha wimbi la redio) ya megahezi 1, na transfoma ndogo ya sauti iliyogeuzwa, upande wa omu 8 kwenye simu, ule mwingine kwenye njia ya umeme wa osileta. Mkwaruzo uliobaki uliisha nilipopunguza sauti ya simu hadi nusu.

Kioo cha redio hii hakina kilohezi, kimeandikwa mita, yaani urefu wa wimbi; megahezi 1 ni mita 300. Nikazungusha taratibu mpaka mshale ukagusa 300, ndipo mlio wa udi wa taarabu ukaingia. Bibi aliacha kuchagua mchele akauliza, "Stesheni gani hiyo?"

Ami uliyependekeza waya mrefu hadi juu darini, niwie radhi, sikufuata. Kurushia mtaa mzima kunataka leseni, na osileta hii humwaga mawimbi hata pasipotakiwa. Nimejikuta tena kwenye kilohezi 3000, mara tatu ya ile megahezi 1. Waya wangu ni mita 2 tu, umelala juu ya boriti. Ukishuka barazani hupati kitu.