Tupeane uzoefu: wenye treni ndogo za mezani, mnawaonyeshaje watu?

Mtoto wa Stesheni:
Wakuu salaam. Jana mtoto wa dada kaja na treni yake ya makopo ya samaki, magurudumu visoda, mbele kamba. Nikakumbuka yangu ya umeme imelala kabatini mwaka wa pili. Nililetewa kutoka Marekani, transfoma ya volti 120, nami kwa kiherehere nikaichomeka kwenye 230 zetu. Sekunde tatu, harufu, kimya. Wageni walishakaa mkekani wanasubiri. Hebu na ninyi mwageni yenu.

Behewa la Tatu:
Hiyo ya volti imetupitia wengi. Pole.

Mpangaji:
Mimi nilipanga Tabora, chumba kimoja, stesheni ni uvunguni mwa kitanda. Ubao wa futi 6 kwa 3, reli za HO (saizi ya treni ndogo mara 87 kuliko halisi), unavutwa ukitoka kazini usiku. LUKU tunachangia nyumba nzima. Mwezi ule uniti zikaisha mapema, na mama mwenye nyumba alishasikia chumbani kwangu ngrrr, ngrrr, saa nne usiku. Akaamini nachomelea vyuma, kama sichapi noti.

Asubuhi niko na taulo kiunoni, hodi. Mama, mjumbe, wapangaji wote nyuma, jirani wa chumba cha pili kashika daftari la michango kama karani wa mahakama. Nikavuta ubao. Nikajitetea: volti 12, haifiki hata wati 15, balbu ya zamani pale chooni inakula 60. Mama akasema, "Washa tuone."

Nikawasha. Ikatoka vizuri, ikafika kona ya mguu wa kitanda, behewa la mwisho likaacha njia, likavuta wenzake, injini puu sakafuni. Hakuna aliyecheka. Mjumbe akainama, akaiokota, akaifuta vumbi kwa kanzu. Kumbe ni gadi mstaafu wa treni za mizigo. "Mwanangu, unaendesha treni bila gadi, halafu ikianguka unashangaa?" Jumapili akarudi na wajukuu wanne.

Chai Maziwa:
Na uniti alikuwa anamaliza nani? Malizia mkuu!

Mpangaji:
Mwenye daftari. Alikuwa na hita ya maji.

Behewa la Tatu:
😂😂 Nilijua tu.

Fundi Rula:
Stori nzuri, ila HO upana kati ya reli ni mm 16.5. Zidisha mara 87, unapata mm 1,435, yaani upana wa SGR. Reli ya Kati ya zamani inayopita Tabora ni mita moja, ulitakiwa reli za mm 12. Umewadanganya wajukuu wa watu.

Chai Maziwa:
Mtu kaokolewa na mjumbe, wewe unakuja na rula?

Fundi Rula:
Gadi lazima aliona, kakustahi tu.

Msafiri wa Mlimba:
Na sisi wa TAZARA?

Fundi Rula:
Upana wenu ni mm 1,067. Chukua reli za N, saizi ndogo zaidi ya HO, upana mm 9, jenga treni ndogo mara 120 kuliko halisi. Inakaribia sana.

Wa Nairobi:
Ukitaka mtoto aipende, mpeleke kwanza makumbusho ya reli hapa Nairobi akaione Mount Gelai, ile injini kubwa ya mvuke aina ya Garratt, namba 5918. Ya mezani hataidharau tena.

Mama Pacha:
Wangu alipoiona alilia mpaka tukatoka. Anzeni na ndogo.

Msafiri wa Mlimba:
Mwenye uzi, miaka miwili kabatini reli zimeshafubaa. Piga msasa.

Fundi Rula:
Usimsikilize. Msasa unaacha mikwaruzo, uchafu unajaa humo. Spiriti na kitambaa safi.

Msafiri wa Mlimba:
Nimepiga msasa mwaka wa tatu na treni zinakimbia.

Fundi Rula:
Zinakimbia au unazisukuma kwa kidole?

Mtoto wa Stesheni:
Spiriti nimepata, transfoma bado. Mtoto wa dada anauliza kwa nini ya mjomba haina kamba.