GAPDH: kwa nini napata bendi bila kunakili RNA?

Swali
Habari wanajukwaa. Ninapima utendaji wa jeni ya GAPDH katika seli za binadamu kwa kuinakili RNA yake kuwa DNA, kisha kuizidisha kwa PCR. Praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha unakili) nilizipanga kwenye eksoni mbili tofauti, yaani sehemu za jeni zinazobaki katika RNA iliyokomaa, ili DNA ya jenomu, ikiwa imebaki kwenye sampuli, itoe kipande kirefu zaidi chenye introni, yaani sehemu ya katikati inayokatwa kutoka kwenye RNA. Hata hivyo, tyubu ambayo sikuitia kimeng'enya cha kunakili RNA imetoa bendi (mstari wa DNA kwenye jeli) ya urefu uleule, ilhali tyubu ya maji matupu haikutoa kitu. Kipande hicho kisicho na introni kimetoka wapi?

Jibu la 1
Kimetoka kwenye jenomu yenyewe. GAPDH ina jeni bandia (nakala zinazofanana na jeni lakini kwa kawaida hazifanyi kazi yake) zaidi ya 50, na nyingi kati yake zilizaliwa kutokana na RNA. Mfuatano unaojirudia uitwao LINE-1, wenye urefu wa jozi 6,000 hivi za besi ukiwa mzima, hutengeneza protini inayonakili RNA kuwa DNA na kuipachika katika kromosomu. Kwa kawaida protini hiyo hushughulikia RNA ya LINE-1 iliyoizaa, lakini mara chache hukamata RNA ya jeni nyingine, ambayo wakati huo imekwisha kuondolewa introni. Ndiyo maana nakala hizo hazina introni wala promota (sehemu inayowasha jeni), na zile ambazo bado ni changa huonyesha mkia wa adenini na vipande vifupi vinavyofanana pande zote mbili.

Jibu la 2
Naafiki, na niongeze kwamba Alu, mifuatano mingine inayojirudia, zenye jozi 300 hivi na nakala zaidi ya milioni moja, husambaa kwa kutegemea protini hiyohiyo, kwa kuwa zenyewe hazitengenezi yoyote. Kazi hii haijakoma: mwaka 1988 Haig Kazazian na wenzake walionyesha LINE-1 iliyojipachika upya katika jeni ya kigandishi VIII, protini ya kugandisha damu, na kusababisha hemofilia A, ugonjwa wa damu kutoganda vizuri.

Jibu la 3
Ndugu muulizaji, kubadilisha introni unayoivuka hakutakusaidia, kwa sababu nakala hizo zimezikosa zote. Isafishe RNA kwa kimeng'enya kinachosaga DNA, endelea kuweka tyubu hiyo ya udhibiti katika kila jaribio, kisha linganisha praima zako na jenomu nzima na uchague mahali ambapo jeni bandia zimetofautiana na GAPDH halisi, hasa kwenye ncha ya 3′ ambako unakili huanzia.