Mnaotuuzia pedi na memori kadi feki za PS2, acheni kusingizia uzee wa mashine zetu

Wakuu, leo sina salamu ndefu, damu inachemka.

Uzi huu unawahusu ninyi mnaouza vifaa vya PS2, yaani PlayStation 2, mashine ya gemu ya Sony: pedi za kuchezea, memori kadi, diski, lenzi za kusomea diski, vidude vya HDMI vya kuunganishia TV mpya. Mtu akinunua kwenu, kitu kikamfia mkononi, akirudi kuuliza jibu ni lile lile kana kwamba mmelikariri pamoja: "Mkuu, mashine yenyewe ya zamani hiyo, tatizo liko kwenye mashine." Haliko! Mashine yangu ni ile nene, ina zaidi ya miaka ishirini, nikibonyeza inawaka, inasoma CD, inasoma DVD, na kadi ya Sony iliyokuja nayo inasevu mpaka leo. Kilichokufa ni mlichoniuzia juzi. Sasa mzee ni nani hapo?

Nianze na memori kadi, ile ya kuhifadhia ulipofikia kwenye gemu, maana ndiyo iliyonitoa roho.

Kadi ya Sony yenyewe ni MB 8. Nyuma ina namba SCPH-10020, na mbele imeandikwa MagicGate, ule mfumo ambao kadi na mashine hutambuana nao kwa siri kabla ya kufanya kazi pamoja. Najua kwa mtu wa leo MB 8 ni utani, picha mbili tatu za simu zimeshaimaliza. Lakini faili la gemu ya PS2 mara nyingi ni makumi au mamia ya KB tu, kwa hiyo hiyo nane inakubeba muda mrefu. Yangu ilikuwa imejaa, nikatafuta ya pili. Muuzaji, jina simtaji, akaniambia anayo orijino, mpya, haijafunguliwa, MB 128. Nikamuuliza mara mbili kama ni ya Sony. Akaapa. Akanitumia na picha ya boksi.

Ilipofika nikaijaribu kama mtu yeyote angeijaribu. Nikasevu, nikazima, nikawasha, gemu ikafunguka. Na hapo ndipo changa la macho lilipo, wakuu. Kadi hizi haziharibiki siku ya kwanza. Zikiwa karibu tupu zinafanya kazi vizuri kabisa, na wewe ukishatuma "asante mkuu, imefanya kazi" umeshampa ushahidi wa kukufungia mdomo baadaye. Yangu ilianza vituko nilipokaribia ukubwa ambao kadi halisi ingekuwa imejaa. Faili jipya likiingia, la zamani linageuka data iliyoharibika. Kwanza likaenda faili la gemu ya San Andreas, nikavumilia. Halafu nikafungua Gran Turismo 4, gemu ya magari, nikakuta gereji yangu yote imeyeyuka. Magari yote. Na leseni zote, kuanzia B mpaka S. Aliyewahi kuhangaikia leseni za gemu ile, kurudia kona moja mpaka kidole gumba kinaota sugu, anajua nalia nini hapa.

Nikamwandikia muuzaji. Unajua alinijibu nini? "Ifomati mkuu, itakaa sawa." Yaani nimekuja kulalamika kwamba data imefutika, na dawa anayonipa ni kufuta iliyobaki! Nilipombana ndipo akaleta wimbo wa mashine ya zamani. Nikamuuliza, kama ni mashine, mbona kadi ya MB 8 iko tundu la jirani, mashine ile ile, siku ile ile, na haijapoteza hata faili moja? Kimya. Akaingia mitini.

Nikaikagua ile kadi vizuri kwenye mwanga. Stika ya 128 ilikuwa imebandikwa upande kidogo, kona imenyanyuka. Nikaivuta kwa kucha. Chini yake kuna stika nyingine, imeandikwa 64. Sikuendelea kukwangua, niliogopa kukuta 32.

Na kuna jambo wauzaji hawawaambii wanunuzi, ama hawajui au wanajitoa ufahamu. PS2 ilitengenezwa ikitarajia kadi ya MB 8, na zipo gemu zinazogoma au kuleta vurugu zikikutana na kadi kubwa kuliko hiyo. Kwa hiyo hata ile kubwa iliyo ya kweli si lazima ikufae. Ninyi mnaitangaza 128 kama sifa, kumbe kwa mashine hii ndiyo sababu ya kwanza ya kuishuku.

Tuje kwenye pedi.

Pedi ya PS2, DualShock 2, namba yake SCPH-10010, ina kitu ambacho watu wengi wameisahau: karibu vitufe vyote vinapima nguvu ya kidole. Mashine haisomi tu kwamba umebonyeza X, inasoma umebonyeza kwa kiasi gani, ngazi 256. Mle ndani kuna karatasi nyembamba ya plastiki yenye njia za kaboni, na ukikandamiza zaidi mpira unalala zaidi juu yake, mashine inaona tofauti. Haikuwa pambo. Kwenye Gran Turismo, kitufe cha X ndicho gesi. Unatoka kwenye kona na gari inayosukumwa na matairi ya nyuma, unaigusa X polepole, gari inatoka kwa heshima. Kwenye pedi niliyouziwa kama orijino, gesi ni mbili tu: sifuri au yote. Kila kona gari linageuka kuangalia lilikotoka.

Metal Gear Solid 2, gemu ya kunyemelea walinzi, ndiyo iliyonichekesha huku nimekasirika. Pale ukiwa umeinua bastola kwa kushikilia kitufe cha mraba, ukitaka kuishusha bila kufyatua unaachia kitufe taratibu. Ukiachia ghafla inafyatuka. Pedi feki haijui taratibu ni nini. Kila ninapotaka kushusha silaha, paa! King'ora kinalia, walinzi wanamiminika, nakufa. Muuzaji akaniambia nijifunze kucheza. Gemu ya mwaka 2001, niliyoimaliza zamani, leo ananifundisha yeye!

Basi nikachukua bisibisi, nikazifungua zote mbili mezani, pedi yangu ya zamani na hii "orijino". Kwa nje zinafanana, hata maandishi ya nyuma wameyanakili mpaka namba ya SCPH. Kwa ndani ni watu wawili tofauti. Ya zamani ina ile karatasi ya kaboni, ina mota mbili za mtetemo, moja imebeba chuma kikubwa na nyingine kidogo, ndiyo maana mtetemo wake una uzito na una wembamba wake. Hii ya pili hakuna karatasi. Vitufe vinagusa moja kwa moja kwenye bodi, kama rimoti ya TV. Mota zipo mbili ndiyo, lakini vyuma vyake vinalingana na ni vidogo mno, kwa hiyo badala ya kutetemeka inavuma kama nzi kwenye chupa. Na kijiti cha analogi lazima ukisukume mpaka karibu nusu ndipo mtu wa kwenye gemu akumbuke kwamba anatakiwa kutembea.

Ukitaka kuijaribu pedi kabla hujalipa, mwambie muuzaji aweke gemu ya magari ya aina hiyo, ubonyeze X nusu nusu. Akianza kusema hana diski, au umeme, au ana haraka, umeshapata jibu.

Sasa, nisieleweke vibaya. Sina ugomvi na kitu kisichotengenezwa na Sony. Kampuni nyingine zilitoa pedi nzuri tu, na mtu akiniambia "hii si ya Sony, haina mambo ya nguvu ya kidole, lakini itakutosha kwa mpira", naweza kuichukua na tukaachana kwa amani. Sina ugomvi na mtumba pia. Sony iliacha kutengeneza PS2 mwanzoni mwa 2013, kwa hiyo pedi halisi nyingi zilizobaki duniani zimeshashikwa na mikono ya watu, na hilo si dhambi. Pedi ya mtumba iliyochakaa kijiti, ukaambiwa ukweli, ni mali. Ninachokataa ni huo msururu wa "mpya, orijino, kutoka kiwandani". Kiwanda kipi? Mzigo wa zamani ambao haujafunguliwa upo, lakini haupatikani kwa makundi ya kumwagwa kwenye picha moja kama dagaa.

Kwenye diski napo kuna usanii wake. Kila diski ya PS2 ina msimbo umeandikwa: SLES au SCES ni ya Ulaya, SLUS au SCUS ni ya Marekani, SLPM au SLPS ni ya Japani. Mashine ambayo haijachipiwa, yaani haijawekewa chipu ya kuvunja kufuli hilo, inakubali za eneo lake tu. Hiyo ndiyo taarifa ya kwanza ambayo mnunuzi anaihitaji, na ndiyo ambayo kidole cha muuzaji huwa kimeifunika kwenye picha. Ukiuliza unajibiwa "inacheza PS2 zote". Hakuna diski inayocheza PS2 zote. Ikifika na skrini nyekundu ikakuambia haitambui diski, tunarudi kule kule: mashine imezeeka, lenzi imechoka.

(Kwa haki yao niseme hili, maana nimeona watu wanawaonea. Diski yenye tumbo la buluu si lazima iwe feki. Sony yenyewe ilitoa gemu za CD za PS2 zikiwa na buluu chini, na za DVD zikiwa na fedha. Ya kushuku ni ile yenye rangi ya zambarau iliyochomwa nyumbani, ikavalishwa kava iliyochapwa ikafifia.)

Vidude vya HDMI nitavipitia haraka, havistahili muda mrefu. Vimeandikwa 1080p, yaani picha kali ya HD. Kidude kile kinachukua picha ya komponenti (aina mojawapo ya picha) inayotoka kwenye mashine na kuibadilisha tu, hakikuzi chochote, na gemu nyingi za PS2 zinatoa 480i, ubora wa TV za zamani. Ni kifaa kizuri kwa kazi yake, kinasaidia TV isiyo na matundu ya zamani, kwa nini mkisingizie uwezo ambao hakina? Na waambieni watu kwamba ni lazima kwanza waingie kwenye mipangilio ya mashine wabadilishe aina ya picha kuwa komponenti, vinginevyo rangi zitakuja za ajabu. Nimeona watu wawili humu wamerudisha vidude vizima kwa kukosa sentensi hiyo moja.

Na wewe unayeuza bunduki za kulengea ukiandika "TV yoyote", una ujasiri. Bunduki ya PS2 inategemea jinsi TV ya chogo inavyochora picha mstari kwa mstari, inavizia ule mwanga unapopita mbele ya mdomo wake. TV bapa haichori hivyo. Mtu atalenga mpaka macho yamtoke, hakuna risasi itakayompata adui hata mmoja.

Najua wanaokuja kukomenti. Kuna atakayesema nihamie PS5, kuna atakayesema nicheze kwenye kompyuta kwa PCSX2, programu inayoigiza PS2. Hiyo programu naijua, ni nzuri, naheshimu kazi ya walioiandika. Lakini nina mashine, nina diski zangu, nataka pedi na kadi. PS2 iliuza zaidi ya milioni 155, si kifaa cha watu watatu waliojificha pangoni. Wateja tupo, ndiyo maana hata feki zake bado zinatengenezwa.

Ninachotaka hakihitaji mtaji. Piga picha ya nyuma ya kifaa, si ya boksi. Andika kama ni mtumba au si cha Sony. Onyesha msimbo wa diski. Ukiuza lenzi uliza kwanza namba iliyo chini ya mashine ya mteja, maana ya ile nene na ya nyembamba haziingiliani, na ukishamuuzia mwambie kama kuna tone la risasi ya kulehemu la kukinga umeme tuli ambalo fundi anatakiwa kulitoa baada ya kufunga. Na kitu kikifa, rudisha pesa au kibadilishe, usinifanyie uchunguzi wa umri wa mashine ambayo hujawahi kuiona.

Wenye kadi ya SCPH-10020 halisi, hata iwe imechubuka, nileteeni picha ya nyuma hapa hapa kwenye uzi ili na wengine waone ilivyo.

NYONGEZA: Muuzaji ameuona uzi. Amenifuata inboksi, amekasirika, anasema namharibia biashara, lakini kwa sababu yeye ni "mtu wa watu" yuko tayari kunibadilishia kadi. Nimemuuliza atanipa ipi. Amesema ameishiwa 128, ila ana orijino mpya ya MB 256.