Kompyuta za kipande kimoja mashuleni: tununue au tukatae?

Fundi, Langoni: Asalaam aleikum wanalamu. Swali langu ni hili, pesa ya wazazi inunue hizi kompyuta ambazo skrini na mashine ni kitu kimoja, zimefungwa kwa gundi? Mimi nasema hapana. Juzi mwalimu mmoja kaniletea yake juu ya punda, imezungushiwa shuka, ugonjwa wake ni diski tu imekufa. Ingekuwa ya boksi, ile skrini mbali mashine mbali, natoa skrubu mbili, nachomoa diski, natia SSD, ile diski ya kisasa ya kasi, mtu aenda zake kabla ya adhuhuri. Hii nimeipasha moto pembeni kwa draya ya nywele, nikapitisha kadi ya plastiki polepole, gundi yavutika kama chingamu, pande tatu nikamaliza salama, ya nne kule chini nikasikia tak. Ufa kutoka kona mpaka katikati. Na kioo kimegandishwa na skrini yenyewe, huwezi kubadilisha kioo peke yake, na skrini nzima bei yake yashinda ya mashine. Diski imeua kompyuta nzima, wallahi niliumia. Na kwa hewa yetu hii ya chumvi, feni ikishika kutu utaifikia wapi?

Mwalimu, Shela: Pole kaka fundi ila hapo siko nawe. Darasa letu dogo, meza moja watoto watatu, hii ina waya mmoja tu, hakuna boksi chini la kupigwa mateke na kuingia mchanga. Zetu mwaka wa tano huu hatujafungua hata moja. Kuna kigurudumu chembamba cha kukatia hiyo gundi na stripu mpya za kurudishia zauzwa, mafundi wetu wapewe vifaa na mafunzo basi.

Fundi, Langoni: Kigurudumu nimeshaagiza. Lakini kigurudumu hakiongezi memori mwalimu wangu. Chukua iMac, kompyuta ya kipande kimoja ya Apple, ile ya inchi 27 ilikuwa na kimlango nyuma, wafungua watia memori mwenyewe, imeuzwa hivo mpaka 2022. Ya inchi 24 iliyotoka 2021 memori imeunganishwa na prosesa, ubongo wa kompyuta, ukinunua ya GB 8 ni 8 mpaka ife. Kumbe kitu chaweza kuwa kizuri na kikafunguka! Ulaya nao 2024 walipitisha sheria ya haki ya kutengenezewa, simu na friji zimo, kompyuta za mezani hazimo, kwa hivo tusingoje sheria ya mtu, tuandike kwenye tenda ifunguke kwa bisibisi, memori na diski zitoke.

Mwalimu, Shela: La diski na memori nakubali. Lakini ukikaza sana tutaletewa maboksi ya mitumba yanayokula umeme, na tokeni nanunua mimi.

Dada wa sayba, Malindi: Mimi nina za boksi nane na za kipande kimoja mbili. Mwalimu asema kweli, umeme nauona kwa bili. Lakini za boksi zikifa mbili nachinja moja napata nyingine, hizi mbili vipuri vyake hata haviingiliani, moja ni mwezi wa nne iko chini ya meza. Kamati ya shule yetu yakaa Jumamosi, kaka fundi niandikie hapa maneno ya tenda kamili niyapeleke.